Programu ya kutengeneza muziki kwa anayeanza: nichague ipi, na nijifunze kwa utaratibu gani?

MwanzoMgumu

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu wa kutengeneza muziki kwa kompyuta.

Huu ni mwezi wangu wa tano tangu nianze kujifunza, na katika muda huo nimekwisha kuhama programu mbili, sasa niko kwenye ya tatu. Sizitaji kwa majina kwa sababu najua majina yangetupeleka kwenye ubishi wa ipi ni bora kuliko ipi, ilhali ninachotaka ni kuelewa namna ya kuchagua. Mimi ni mtu wa kuimba. Wimbo hunijia kwanza kama sauti na maneno, mara nyingi nikiwa natembea, nami huurekodi kwenye simu usije ukapotea; ala huja baadaye. Ninatumia kompyuta mpakato ya Windows yenye RAM ya GB 8, maikrofoni ya USB, kinanda kidogo cha MIDI (hutuma noti kwenye kompyuta, hakina mlio wake) chenye vibao 25, na hedifoni zisizo na waya.

Nina matatizo mawili yanayonikatisha tamaa. La kwanza, nikiimba huku nikisikiliza mdundo, sauti iliyorekodiwa hukaa nyuma ya mdundo, kana kwamba mwimbaji ni mzito wa kusikia. Hilo ndilo lililonifanya niiache programu ya kwanza, lakini nimeliona tena kwenye ya pili na hata kwenye hii ya tatu. La pili, nina vipande 23 vyenye baa nane nane (baa ni kundi la mipigo, mara nyingi minne). Vyote vinaanza vizuri, na hakuna hata kimoja kilichovuka kikawa wimbo. Nimetazama masomo mengi ya video, ninajua kazi ya vitufe vingi, lakini ukiniambia nikupe wimbo mmoja uliokamilika, sina.

Je, mtu wa aina yangu achague programu kwa kuangalia nini? Na akishachagua, ajifunze kwa utaratibu gani ili afike mwisho wa wimbo?

FundiMitambo

Ndugu MwanzoMgumu, kabla hujahama tena, weka kando hizo hedifoni zisizo na waya. Nina hakika kubwa kwamba programu zote tatu zimebeba lawama isiyo yao.

Sauti inapotumwa kwa Bluetooth, hufungashwa kwanza, hurushwa, kisha hufunguliwa upande wa pili, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya milisekunde 100, mara nyingi hata 200. Huo ni muda mrefu katika muziki. Wimbo wenye kasi ya mipigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kati ya mpigo na mpigo, na ukiugawa mpigo mmoja mara nne, kila kipande ni milisekunde 125. Kwa hiyo unausikia mdundo ukiwa umekwisha kuchelewa kwa kipande kizima au zaidi, unaimba sawasawa kabisa na hicho unachokisikia, na programu inaiweka sauti yako pale ilipoingia, yaani nyuma. Umeimba vizuri, ulichokuwa unakifuata ndicho kilichochelewa.

Unaweza kuthibitisha mwenyewe. Fungua kazi mpya, washa metronomu (mlio wa kuhesabu mipigo), sogeza hedifoni hadi zikaribie kugusa maikrofoni, kisha rekodi mlio wa metronomu kwa baa nne. Halafu kuza picha ya wimbi la sauti hadi uione milio mmoja mmoja, na upime umbali kati ya mstari wa mpigo na mahali ambapo mlio uliorekodiwa unaanza. Fanya hivyo kwa hedifoni zisizo na waya, kisha rudia kwa hedifoni zozote za waya, hata za bei ya chini. Tofauti utaiona kwa macho.

Ukishaweka waya, bado kutakuwa na ucheleweshaji mdogo unaotokana na bafa, yaani ndoo ya muda ya kuhifadhia sauti, na jambo hili ni vizuri ulielewe tangu mwanzo kwa sababu utakutana nalo katika kila programu. Kompyuta haipeleki sauti tone kwa tone. Hujaza ndoo kwanza, kisha huimimina. Ndoo kubwa huipa kompyuta nafasi ya kupumua, lakini unangoja mpaka ijae. Ndoo ndogo hufika haraka, ila kompyuta inalazimika kukimbia bila kusimama, na ikijikwaa kidogo tu unasikia mikwaruzo. Kwa kiwango cha sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 ni kama milisekunde 23, na bafa ya 128 ni kama milisekunde 3. Muda huo huhesabiwa kwa sauti inayoingia na tena kwa inayotoka. Basi wakati wa kurekodi shusha bafa hadi 128 au 256, na wakati wa kumiksi (kuchanganya sauti zote), plagini, yaani programu ndogo za ala na madoido, zinapokuwa nyingi, ipandishe hadi 1,024. Wengi huiacha mahali pamoja mwaka mzima, kisha hulalamika kwamba kompyuta yao ni dhaifu.

Kwenye Windows, hakikisha pia kwamba katika mipangilio ya sauti ya programu yako umechagua kiendeshi cha ASIO (programu inayounganisha kifaa cha sauti na kompyuta kwa njia ya haraka) ikiwa maikrofoni yako ilikuja nacho, maana njia ya kawaida ya Windows huongeza ucheleweshaji. Kama haikuja nacho, kuna ASIO4ALL, ambayo ni ya bure na huwasaidia wengi. Tena, iangalie maikrofoni yenyewe: maikrofoni nyingi za USB zina tundu la hedifoni. Ukichomeka hapo, unajisikia moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta, na suala la kujisikia kwa kuchelewa linaisha.

KalamuNaKinanda

Nakubaliana na FundiMitambo, nami nitajibu lile swali la kuchagua, kwa sababu hapo ndipo wanaoanza wengi wanapopewa majibu yasiyowahusu. Mtu akiulizwa programu gani ni nzuri hutaja anayoitumia yeye. Swali linalostahili kuulizwa kwanza ni hili: wimbo wako huanzia wapi?

Kila programu ilizaliwa na wazo fulani kuhusu mwanzo wa wimbo, na wazo hilo halikufutika hata baada ya vipengele vingi kuongezwa. FL Studio ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikiwa chombo cha kupanga midundo kwa visanduku 16 vilivyo katika mstari mmoja: unabonyeza kisanduku, ngoma inalia. Hadi leo mtu ambaye wimbo wake huanza kwa biti, yaani mdundo, huifungua na kujikuta nyumbani. Ableton Live, iliyotoka mwaka 2001, ina ukurasa wa vipande vinavyozunguka ambavyo unaweza kuviwasha na kuvizima kwa mpangilio wowote, na ndiyo maana wanaopiga muziki jukwaani kwa kompyuta wanaipenda. Hapo wimbo huanza kwa kujaribisha vipande na kuona vipi vinavyopatana. Logic Pro na Reaper zinakukaribisha kwa mstari wa muda unaotoka kushoto kwenda kulia, kama utepe wa kurekodia wa zamani, na hapo wimbo huanza kwa mtu kuimba au kupiga chombo tangu mwanzo hadi mwisho.

Wewe umesema kwamba wimbo hukujia kwa sauti na maneno. Hizo baa nane ulizonazo mara 23 huenda zinatokana na hilo: ulifungua programu inayokutaka uanze na mdundo unaozunguka, ukautii, na wimbo uliokuwa nao kichwani ukabaki kwenye simu. Kwa mtu wa aina yako ningependekeza programu ya mstari wa muda. Logic Pro ni ya kompyuta za Apple, na GarageBand, ambayo ni ya bure, ni ya vifaa vya kampuni hiyohiyo, kwa hiyo zote mbili hazikuhusu kwa sasa. Inayobaki mbele yako ni Reaper. Ni nyepesi, kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaimudu bila taabu, na unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili bila kipengele hata kimoja kufungwa. Ina upungufu mmoja ambao ni lazima uujue: inakuja na ala chache mno za kwake. Ukiifungua ukitarajia kukuta piano, besi na ngoma zikikungoja, utadhani imeharibika. Utahitaji kuongeza ala za bure, kwa mfano Surge XT au Vital kwa sauti za sinthesaiza, na sampuli za ngoma (rekodi fupi za milio yake) unazozipenda. Ni kazi ya jioni moja, lakini ifanye mara moja tu, kisha uache kutafuta nyingine.

Jambo lingine la kuangalia kabla ya kuwekeza muda wako ni masharti ya toleo la majaribio, kwa sababu hayafanani. Toleo la majaribio la FL Studio, kwa mfano, halina kikomo cha siku na linakuruhusu kutoa wimbo uliokamilika kama faili la sauti, lakini kazi uliyoihifadhi haifunguki tena mpaka ununue leseni. Ni utaratibu unaoeleweka ukiujua mapema. Kwa upande wa pili, anayenunua leseni yake hupata masasisho ya bure kwa maisha yote, na hilo si jambo dogo. LMMS ni ya bure moja kwa moja na inafanya kazi hata kwenye Linux, ila haifai kwa mwimbaji, kwani imejengwa kwa ajili ya kupanga midundo na ala za ndani, wala si kwa kurekodi sauti ya mtu. Audacity ni ya bure na inarekodi vizuri, lakini ni chombo cha kuhariri sauti. Ukitaka kujenga wimbo wenye ala za MIDI itakuchosha.

BitiKwanza

Ninaheshimu maelezo ya KalamuNaKinanda, ila sikubaliani naye katika jambo moja. Kumwambia mtu ambaye amehama mara mbili kwamba ahame tena ni hatari, hata kama sababu ni nzuri. FL Studio inarekodi sauti, Live inarekodi sauti, na zote zina mstari wa muda kwa anayetaka kuutumia. Mimi natumia programu ambayo watu wengi huiita ya biti, na kila wimbo wangu huanza kwa sauti tupu niliyoiimba juu ya metronomu. Ningemwambia abaki na ile ambayo ameikalia saa nyingi zaidi, arekebishe hedifoni, na ajaribu kwa mwezi mmoja ndipo aamue.

Nakuomba pia usitumie nakala za wizi, kwa kuwa swali kama hili likiulizwa huwa hakosi mtu wa kuzipendekeza kwa faragha. Mara nyingi hubeba virusi, haziwezi kusasishwa kwa usalama, na siku plagini moja ikigoma kufunguka unaipoteza kazi yote iliyojengwa juu yake. Programu halali za bure zinatosha.

MsikivuWaMuziki

Nimefundisha wanaoanza kwa muda mrefu, na lile tatizo lako la pili ndilo ninalolijali zaidi, kwa sababu la kwanza limekwisha kupata dawa.

Baa nane hazikui zikawa wimbo kwa kuongezewa ala. Ndiyo njia ambayo karibu kila anayeanza huifuata: kipande kinazunguka, unaongeza kinanda, unaongeza filimbi, unaongeza ngoma nyingine, na baada ya saa mbili kimejaa mno kiasi kwamba hakuna pa kwenda. Kumbuka kwamba umekisikia mara 200 mfululizo; masikio yamechoka, nawe unaona kimeharibika, unaanza kingine. Wimbo ni suala la nini kinaingia wakati gani na nini kinatoka, na ujuzi huo hauonekani ukiwa umeifungia programu ndani ya mzunguko mmoja.

Fanya hivi. Chagua wimbo mmoja uliokamilika unaoupenda na unaoufahamu vizuri, uingize kwenye programu yako katika traki (mstari wa sauti) yake peke yake, na uirekebishe kasi ya programu hadi metronomu itembee sawa na wimbo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hii peke yake itakufundisha kutafuta kasi na kusogeza sauti ikae kwenye mstari. Kisha sikiliza huku ukiweka alama kwenye mstari wa muda: hapa utangulizi, hapa beti la kwanza, hapa kiitikio, hapa ala peke yake. Hesabu baa za kila sehemu. Utaona kwa mfano utangulizi wa baa nne, beti la baa kumi na sita, kiitikio cha baa nane. Sasa rudia kusikiliza, na mara hii uandike kwa kila alama ni chombo gani kimeingia na kipi kimenyamaza. Utashangaa kuona jinsi ambavyo beti nyingi zina vyombo vitatu au vinne tu, na jinsi ambavyo kiitikio huonekana kikubwa kwa sababu tu besi ilinyamazishwa mpigo mmoja kabla yake.

Ukimaliza, inyamazishe traki ya wimbo huo lakini uziache alama zote. Hayo ndiyo mifupa. Chukua moja ya zile rekodi zako za simu, iimbe upya juu ya metronomu ukifuata alama, beti kwenye nafasi ya beti na kiitikio kwenye nafasi ya kiitikio, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kama beti la pili halina maneno na unaimba la-la-la. Siku hiyohiyo una wimbo wa dakika tatu. Ni mbichi, ala hazipo, lakini una mwanzo na mwisho, na kila utakachokiongeza kuanzia hapo kitakuwa na mahali pake.

Kwa nyimbo tatu za mwanzo tumia ekwalaiza (ya kurekebisha besi na sauti nyembamba) na kompresa (ya kupunguza sauti inayopanda mno) iliyokuja na programu, usitafute nyingine. Elewa moja kwa kina. Chukua kompresa: ukiiweka uwiano wa 4 kwa 1, na sauti yako ikavuka kizingiti kwa desibeli 8, itatoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 2 tu. Ukilishika hilo na ukalisikia kwa masikio, si kwa kutazama sindano, utaweza kutumia kompresa yoyote ya kampuni yoyote, kwani hesabu ni hiyohiyo. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila kitu: njia ya sauti kutoka traki kwenda miksa hadi kwenye masta (mkondo wa mwisho wa sauti zote) haibadiliki kwa kubadilisha programu, kinachobadilika ni mahali vitufe vilipo. Miezi yako mitano haikupotea.

Na unaporekodi, usiipandishe sauti hadi mita igonge sifuri. Rekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha usahihi wa sauti, si mdundo) na acha kilele cha sauti yako kifike karibu na desibeli 10 au 12 chini ya sifuri. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hairekebishwi baadaye na plagini yoyote kama ambavyo ungeweza kuiimba tena vizuri.

MwanzoMgumu

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya jaribio la FundiMitambo jana usiku. Kwa hedifoni zisizo na waya, mlio uliorekodiwa ulikaa milisekunde 210 nyuma ya mstari. Kwa hedifoni za waya zilizochomekwa kwenye maikrofoni, na bafa ya 128, ulikuwa milisekunde 9. Niliitazama ile picha ya wimbi kwa muda mrefu, kwa kuwa kwa miezi mitano nilikuwa nimeamini kwamba siwezi kushika mdundo.

Kisha nikafanya zoezi la MsikivuWaMuziki. Lilinichukua karibu saa tatu, na wimbo nilioupima una kiitikio kinachokuja mapema kuliko nilivyodhani, kwenye baa ya 13. Nimeimba wimbo wangu mmoja juu ya mifupa hiyo hadi mwisho. Beti la pili kweli halina maneno.

Kuhusu programu, nimeamua kuijaribu Reaper kwa siku hizo 60 na kuachana na nyingine zote, kwa sababu mstari wa muda ndio unaofanana na ninavyofikiri. Ninaelewa hofu ya BitiKwanza, na ndiyo maana nauliza swali moja la mwisho: katika vile vipande 23 kuna vinne ambavyo sitaki kuvipoteza. Nitavihamishaje?

FundiMitambo

Usitegemee kwamba programu moja itafungua faili la kazi la nyingine. Kwa kawaida haiwezi. Rudi kwenye programu ulikovitengenezea, na kwa kila kipande toa kila traki peke yake kama faili la WAV la biti 24. Zote zianze sehemu moja, yaani mwanzo kabisa wa baa ya kwanza, hata kama ala fulani inaingia baa ya tano. Ule ukimya wa mwanzo ndio utakaozifanya zipangane zenyewe utakapoziingiza zote kwenye Reaper. Toa nakala mbili za kila traki ikiwa nafasi inaruhusu, moja ikiwa na madoido na nyingine bila. Kwa stereo, dakika moja ya WAV ya namna hiyo ni kama MB 16, kwa hiyo kipande cha baa nane hakitakusumbua.

Zile traki ulizozipiga kwa kinanda zitoe pia kama faili la MIDI. Utaratibu wa MIDI uliwekwa mwaka 1983 na kila programu inausoma, lakini kumbuka kwamba faili hilo hubeba noti tu, si mlio. Sauti ya piano utaichagua upya. Na kasi ya wimbo iandike kwenye jina la folda, mfano "kipande-07-kasi-96", kwa sababu faili la WAV peke yake halitakukumbusha.

Zile milisekunde 9 nazo unaweza kuzifuta: kwenye mipangilio ya kurekodi ya Reaper kuna mahali pa kuandika marekebisho ya ucheleweshaji. Andika hapo 9, rudia jaribio la metronomu, na kama mlio umesogea upande usiotakiwa, badilisha alama iwe ya kutoa.